AC ya trela inakunyima usingizi? Soma hii kabla hujanunua nyingine

Mimi ni nesi wa mikataba hapa Marekani, wiki 13 hospitali hii wiki 13 hospitali ile, na badala ya kuhangaika na nyumba za kupanga kila mji nilinunua trela ya kuvutwa na gari, futi 24, ndo nyumba yangu. Halafu nafanya naiti. Sasa piga hesabu mwenyewe, natoka kazini saa moja asubuhi, nafika kitandani saa tatu, na hapo ndo jua la Texas linaanza kupanda, mchana wa Agosti nje ni digrii 100 za Fahrenheit yaani kama 38 za kwetu, AC haizimiki hata dakika kumi na yenyewe iko darini hatua mbili kutoka kichwani pangu inanguruma kama mashine ya posho. Mtu aliyelala masaa matatu hafai kumpimia mgonjwa insulini, hilo silifanyii mchezo, ndo maana nilitafuta njia mpaka nikaipata, na nawaandikia wenzangu mnaoishi kwenye trela, manesi, wa kazi za mabomba ya mafuta, na wale mnaozunguka na familia kipindi cha joto.

Jambo moja mlishike kabla ya yote: kelele nyingi unayoisikia ndani siyo ya kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ya kupoza. Ni hewa na mtikisiko. Ukilijua hilo unaweza kuokoa zaidi ya dola elfu moja.

Inapiga kelele kwa nini

Ile split ya sebuleni kule Mombasa huisikii kwa sababu mashine yenyewe iko ukutani nje, ndani kuna feni tu inayopuliza polepole. AC ya trela ya kimarekani ni kitu kingine, kila kitu kimewekwa kwenye sanduku moja juu ya paa, kompresa humo, feni ya nje humo, blowa ya ndani humo, na sanduku zima limekalia tundu la inchi 14 kwa 14 lililo juu yako, limebanwa na bolti nne. Kwenye nyingi motor ya feni ni moja tu, upande huu inazungusha feni ya nje na upande ule inazungusha blowa ya ndani. Hewa inavutwa kwa nguvu kupitia katundu kadogo, inakata kona kali, inagonga pembe za bati, halafu inatupwa chini, ndo ule mlio wa "shhhh" unaokufanya upandishe sauti ukiongea na simu.

Kuna aina mbili na lazima ujue yako ni ipi maana dawa zake hazifanani. Ya kwanza inatoa hewa hapohapo chini yake, kwenye kiboksi cha plastiki kilichobandikwa darini chenye vitundu vya kugeuza. Ya pili inapitisha hewa kwenye dakti, yaani mifereji ya hewa, ndani ya dari, unaona vitundu vya duara huku na huku mpaka chumbani. Ya pili huwa kimya zaidi kidogo, lakini siyo sana kama wauzaji wanavyosema.

Pima kwanza

Chukua simu, weka programu ya kupima sauti. Kama una iPhone kuna moja ya bure inaitwa NIOSH Sound Level Meter, imetengenezwa na watu wa serikali wa usalama kazini, mimi naiamini hiyo. Weka simu juu ya mto unaolalia, hapohapo kila mara, usiisogeze. Na ujue desibeli hazihesabiwi kama shilingi, zikipanda 10 sikio lako linasikia kama kelele imekuwa mara mbili, kwa hiyo ukishusha hata 5 utaona tofauti kubwa, usidharau.

Sasa fanya hivi. Washa feni peke yake bila ubaridi, spidi ya juu, andika namba. Halafu washa ubaridi, subiri kompresa iingie, utasikia kishindo kidogo halafu mlio mzito wa chini, andika tena namba. Kama tofauti ni ndogo basi kompresa haina hatia, ni hewa. Halafu weka kiganja kwenye kile kiboksi cha darini ukisukume juu kidogo, kama mlio unabadilika basi kuna kitu kinatetemeka hapo. Kisha vua grili na filta uiache inanguruma wazi kwa dakika moja, kama ule mluzi umepotea basi filta imeziba au nafasi ya kuvuta hewa ni ndogo.

Yangu ilisoma 68 kwa feni ya juu, na kompresa ikiingia 69. Desibeli moja tu! Na muuzaji mmoja wa trela alikuwa ameshaniandikia bei ya AC mpya akisema kompresa imechoka. Ningelipa na kelele ningebaki nayo.

Kazi za bure au za bei ndogo

Zima breka ya AC (ile swichi ya umeme kwenye kiboksi cha swichi) kabla hujagusa kitu na uchomoe waya wa trela kutoka kwenye nguzo ya umeme. Na hata ukichomoa, kule juu kuna kapasita, kifaa kinachobaki na umeme ndani hata ukizima, kwa hiyo usiingize mkono kwenye waya kama hujui unachofanya, kazi hizi ninazotaja hazihitaji kugusa waya.

Filta ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke. Panda juu (asubuhi na mapema, paa likiwa la moto unaweza kuteleza na pia unaharibu mpira wa paa), fungua kava la plastiki, angalia kama limepasuka na kama skrubu zake zote zipo, kava lililolegea linagonga kama debe barabarani na pia likiwa limesimama. Safisha koili (yale mabomba membamba yenye mapezi ya bati) kwa brashi laini na maji ya presha ndogo, mapezi yaliyolala yanyooshe taratibu. Angalia ile blowa kama imejaa vumbi au kuna kiota cha nyigu, blowa yenye uchafu upande mmoja haizunguki sawa na inatikisa sanduku lote.

Halafu zile bolti nne, hizi unazifikia kwa ndani ukishavua kiboksi cha darini. Watu wanakosea pande zote mbili. Zikilegea AC inacheza na mvua inaingia, ukizikaza sana gasketi, ile sponji ya kuzibia kati ya AC na paa, inakuwa chapati, haifyonzi tena mtikisiko na paa lote linageuka ngoma. Gasketi mpya ina unene wa kama inchi moja na inatakiwa ibanwe mpaka ibaki kama nusu inchi, kaza kwa zamu, hii kidogo, ya mshazari wake kidogo, mpaka ikae sawa. Yangu ilikuwa imelala kabisa upande mmoja. Gasketi mpya siyo ghali, kazi ni kuinyanyua AC maana hizi zina uzito wa kuanzia ratili 75 mpaka 100 hivi, tafuta mwenzako, usijaribu peke yako.

Sasa hapa nakaa kidogo maana ndo penye faida kubwa. Ukishavua kile kiboksi chungulia ndani. Kuna ukuta mwembamba unaotenganisha hewa baridi inayoshuka na hewa ya chumba inayovutwa juu. Kiwandani wanaweka haraka haraka, unakuta mianya ya kupitisha kidole, tepu imebanduka, vipande vya mbao vimebaki wazi. Hewa baridi badala ya kuja kwako inarudi kuvutwa tena juu, AC inajidanganya chumba kimeshapoa, koili inaganda barafu, na wewe kwa kuwa husikii ubaridi unapandisha feni, kelele inaongezeka. Nunua tepu ya aluminiamu ya kazi za AC, siyo ile tepu ya kijivu ya kitambaa, ile inabanduka kwa unyevu, ziba kila mwanya na kila kona, kama ni ya dakti ziba pia pale dakti inapoanzia. Mimi roli moja na masaa mawili, feni ya chini ikaanza kunitosha sehemu ambazo kabla nilikuwa nahitaji ya juu. Kupima kama umefaulu, pima joto la hewa inayovutwa na la hewa inayotoka, tofauti ikiwa digrii 16 mpaka 22 za Fahrenheit hapo uko sawa.

Kama yako ni ya dakti, kuna kampuni inaitwa RV Airflow inauza vipande vya sponji ngumu vilivyokatwa kulingana na modeli ya AC yako, vinaingia pale hewa inapokata kona ili iteleze vizuri kwenda kwenye dakti badala ya kugonga ukuta. Kampuni nyingine, WACKO, wanauza kisanduku chenye sponji ndani kinachokaa pale pa grili ya kuvuta hewa, hewa inaingia kwa kuzunguka kona na sauti inanyonywa na sponji kabla haijafika kwako. Fundi wa mbao anaweza kukutengenezea mwenyewe, mimi nilitengeneza wa kwangu kwa plaiwudi nyembamba, lakini mambo mawili usiyavunje: nafasi ya kupita hewa isiwe ndogo kuliko lile tundu la mwanzo mahali popote, ukiibana koili itaganda, na sponji iwe ile isiyoshika moto kirahisi, siyo ya godoro. Filta ibaki palepale na iwe inatoka bila kubomoa kitu.

Namba zangu baada ya hayo: bolti, gasketi na kava zilinishushia mpaka 65, tepu na kisanduku mpaka 59, na kwa feni ya chini ikawa 54. Kutoka 68! Usingizi wangu ulirudi wiki hiyohiyo na AC ni ileile.

Punguza joto ili feni ya chini itoshe

Hii watu wanaipita haraka kumbe ndo nusu ya dawa. AC ya BTU 13,500 au 15,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye trela ndogo inahangaika kwa sababu ukuta wenyewe ni mwembamba. Ukipewa nafasi ya kuchagua pa kuegesha, tafuta kivuli cha mchana, siyo cha asubuhi, na upande wenye madirisha makubwa usiuelekeze magharibi. Kunjua turubai la pembeni. Yale matundu ya paani yenye vifuniko vya plastiki yanaingiza moto mwingi sana, kuna mito ya sponji ya inchi 14 inaingia humo inakaa yenyewe, nunua. Madirishani weka yale mapovu yenye karatasi ya kung'aa, kata kwa mkasi kila dirisha lake, na kwa sisi wa naiti yanatupa na giza.

Na ianze kupoza mapema. Mimi naiacha inapoza wakati niko kazini, nikifika ndani kuko tayari, naweka feni ya chini isiyokatika. Hiyo isiyokatika ni muhimu kwa anayelala mchana, mlio wa aina moja ubongo unauzoea, kinachokuamsha ni ile kuzima na kuwaka, kimya halafu kishindo. Kama thamostati yako, kile kidhibiti cha joto, ina chaguo la feni kukaa muda wote na la feni kujizima, jaribu la kukaa muda wote kwa siku mbili uone, ila sehemu zenye unyevu mwingi kama pwani ya Texas hewa inaweza kubaki nzito kidogo, hapo utachagua mwenyewe.

Soft start isikuchanganye

Wanaiuza kama dawa ya kelele. Ni kifaa kizuri, ninacho, kinafanya kompresa ianze polepole, ule mshtuko wa umeme wa kuwasha unapungua sana mpaka jenereta ndogo ya wati 2,200 inaweza kubeba AC moja, na kile kishindo cha kuwasha kinalainika. Lakini ikishawaka kelele ni ileile. Kama shida yako ni kishindo kinachokuamsha, nunua, kama ni mngurumo, weka pesa yako kwenye tepu na kisanduku.

Na kama AC inalia "mmmmm" inahangaika kuwaka, angalia volti za pale ulipoegesha kabla ya kulaumu mashine. Kambi ikijaa na kila mtu kawasha, umeme unashuka, na chini ya volti 104 unaua kompresa polepole. Kile kifaa cha kulinda umeme kinachokata chenyewe volti zikishuka nakiona cha lazima.

Ukiamua kubadilisha kabisa

Kama umefanya hayo yote na bado, au AC yako ni ya zamani kweli, basi nunua, lakini nunua kwa masikio. Trela nyingi za hapa zina Dometic au Coleman-Mach. Wengi wanaotafuta utulivu wanaenda kwenye Houghton, asili yake Australia, hapa inauzwa na RecPro, au Truma Aventa ya Wajerumani, au Furrion. Namba za desibeli kwenye tangazo ziulize maswali: zimepimwa umbali gani, feni spidi gani, ndani au nje? Bila majibu hayo namba haina kazi. Mimi niliyoamini zaidi ni kutembea kambini jioni, nikisikia AC iliyotulia naenda nabisha hodi kwa heshima, nauliza ni aina gani, na mara nyingi wenyewe wanakukaribisha ndani usikilize, wazee wa kimarekani wenye trela wanapenda sana kuonyesha.

Kabla hujalipa hakikisha inakaa kwenye tundu la inchi 14, inafaa unene wa dari yako, inaendana na dakti kama unazo, na thamostati. Nyingi za zamani zinatumia thamostati ya ukutani ya volti 12 na mpya zingine zinakuja na rimoti yake, ukikosea hapo unaanza kununua vipande vingine. Pima na urefu mpya wa trela wa kwenda juu, uandike mahali unapouona ukiendesha, madaraja hayasamehe.

Kwa anayeishi ndani muda wote kama mimi, kimya cha kweli ni split ya inverta. Kompresa ya kawaida inajua kuwaka na kuzima tu, ya inverta inapunguza mwendo ikiona chumba kimepoa, kwa hiyo usiku mzima inanong'ona. BTU 9,000 mpaka 12,000 ya volti 120 inatosha trela nyingi ndogo, na ikishatulia inakula mara nyingi chini ya wati 1,000, wakati waya wako wa ampea 30 una wati 3,600 kwa jumla, unabaki na umeme wa kupikia. Mashine ya nje wanaifunga mbele juu ya ule mkono wa kuvutia au nyuma kwenye bampa.

Ila fikiria uzito. Ukiweka mbele unaongeza uzito unaolalia kwenye gari, na huo unatakiwa uwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela, ukiweka nyuma unaupunguza na trela inaanza kuyumba barabarani, hiyo ni hatari kuliko kukosa usingizi, kapime kwenye mizani ya malori. Bampa nyembamba za kiwandani zisibebeshwe bila kuimarishwa. Mabomba ya gesi ya kupoza yaachiwe mzunguko kidogo ili mtikisiko wa barabara usiyapasue, na kugusa gesi yenyewe sheria ya hapa inataka fundi mwenye cheti cha EPA, shirika la serikali la mazingira, labda ununue zile zinazokuja na mabomba yaliyojazwa tayari kama MrCool ya kujifungia mwenyewe. Kwa mtu anayehama kila wikiendi nisingemshauri, kwa anayekaa miezi mitatu sehemu moja ningemwambia fanya.

AC za dirishani za inverta nazo zimetulia, watu wanakata ukuta wa nyuma wa trela wanaziweka. Kama unaangalia zilizotumika, zile Midea za umbo la U ziliitwa kurudishwa mwaka 2025 kwa sababu maji yalikuwa yanatuama ndani na kuleta ukungu, na ukungu kwenye kachumba kadogo unakolala na watoto unaweza kuchochea pumu, kwa hiyo uliza kama imesharekebishwa kabla hujatoa hela.

Mwisho kabisa, kila ukihama, ukishaegesha na kusawazisha trela, kabla hata ya kuandaa kitanda vua ile grili uguse zile bolti nne na upitishe mkono kwenye tepu, maili mia tatu za barabara mbovu zinaweza kulegeza kila kitu, halafu weka simu kwenye mto upime tena na uandike namba na tarehe. Mimi naandika kwenye kadaftari kalekale ninakoandikia zamu zangu, na juzi namba ilipanda kutoka 54 mpaka 57, nikachungulia, kona moja ya tepu ilikuwa imebanduka.